Mshipi wa Namba Nne, Ufito wa Namba Tatu

Njeri mwanangu,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua. Nimekuona asubuhi ukila mkate umesimama, ukachukua funguo za gari na kwenda Silver Spring kusukwa. Yule dada anayekusuka ana simu mbili na wateja watatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo hutarudi kabla ya jua kuzama. Mimi nina mchana mzima wa Jumamosi, meza ya jikoni na kalamu. Kesho asubuhi nakupeleka uwanja wa ndege, na usiku utakuwa umelala Montana.

Mambo ya koti zito, ya benki, ya nani umpigie ukiugua, umeyasikia mpaka unayajibu kabla sijayasema. Leo nayaacha. Nataka kulijibu swali la Alhamisi.

Tulikuwa tunaosha vyombo. Ukasema bila kunitazama, "Dad, naweza ku-defer, nisogeze chuo mbele. Mwaka mmoja tu, mpaka Mum arudi. Sitaki ubaki hapa pekee yako na hilo bega." Nami, mtu mzima, nikachukua mfuko wa takataka ambao haukuwa hata nusu, nikatoka nao nje. Nilisimama kando ya mapipa muda mrefu hadi Papa Espoir, jirani yetu, akanipigia kelele kutoka kwenye balkoni yake akiuliza kama nimepoteza kitu. Niliporudi ulikuwa umeshaingia chumbani. Hukulirudia swali, lakini tangu siku ile nakuona unapanga sanduku polepole mno, kama mtu anayesubiri kuambiwa alipangue.

Nitakujibu. Ila nitapitia mtoni kwanza, unanijua nilivyo.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja ulipoanza kunidai mto. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimekusimulia mno kuhusu mto wa kwetu Kirinyaga, maji yanayotoka mlimani yakiwa baridi hadi meno yanauma, na samaki wa trauti ambao wazungu waliwapandikiza humo zamani. Nilikuambia jinsi watu wenye vibali walivyokuja na magari kutoka Nairobi, wakatoa fito zao ndefu na kurusha nzi wa manyoya, ndoana zilizofungwa manyoya zifanane na wadudu, juu ya maji, nasi watoto tumejificha vichakani tukiwacheka, kisha wakiondoka tunashuka na nyuzi zetu na minyoo. Siku hizo ulikuwa bado unanijibu kwa Kiingereza kila nilipokuambia jambo kwa Kiswahili. Ukaniuliza, "So Dad, why don't we go?" Kwa nini tusiende, kweli? Milima ya Catoctin iko mwendo mfupi tu kutoka hapa Germantown, ina vijito vya trauti, nami nilikuwa nimekaa nchi hii miaka yote hiyo nikiwasimulia watu mto ulio mbali.

Basi tukaenda dukani. Nilikuwa bado nafanya kazi upande wa Herndon, na njiani kulikuwa na duka dogo la vifaa vya uvuvi. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kizungu mwenye miwani shingoni. Akaniuliza tunataka kuvua wapi. Nikamwambia vijito vya milimani, samaki wadogo, mimi na binti yangu. Akaingia nyuma, akarudi na ufito mfupi, mwembamba kama antena ya redio, akauweka mbele yangu kwa heshima zote.

Njeri, nilikasirika. Nilijiambia: huyu ameniona mgeni, amesikia lafudhi yangu, amenikadiria. Ananiletea kijiti cha watoto. Nikamwambia nataka kitu cha maana. Akajaribu kunieleza kwamba kwenye maji madogo wepesi ndio unaosaidia, nami nikamkatiza, nikaonyesha ufito mnene uliokuwa ukutani. Akasema ule ni wa namba nane, na kadiri namba inavyopanda ndivyo uzito unavyoongezeka; ni wa kuvulia samaki wakubwa wa ghubani. Nikasema, huo huo, na mshipi wake.

Unajua tulivyokuwa tukikununulia makoti. Kila koti lilikuwa la mtoto aliyekuzidi, mikono ikifunika vidole, ili likufae miaka mitatu. Mimi na mama yako tulinunua hivyo kila kitu. Tulikuwa na sufuria ya kupikia watu ishirini katika nyumba ya watu watatu. Mtu aliyekuja huku na begi moja haoni fahari kununua kitu kinachomtosha leo tu. Nami nikanunua na ufito hivyo hivyo, nikitazamia mto mkubwa ambao hatukuwa tumepanga kwenda.

Ile siku ya kwanza unaikumbuka kuliko mimi. Tulitoka kanisani, tukabadilisha nguo ndani ya gari, ukaisoma ramani tuliyochapisha kutoka kwenye mtandao hadi tukafika. Kijito chenyewe ungeweza kukiruka. Matawi yalikuwa yamekutana juu yake, na mimi nimesimama chini yake na ufito mrefu kuliko upana wa mto. Mara ya kwanza nilinasa mti. Mara ya pili nilinasa mti mwingine. Mara ya tatu mshipi ule mnene ulifika majini, ukaanguka kama kamba ya kuanikia nguo iliyokatika, na samaki wote waliokuwa pale wakahama mtaa. Niliwaona wakikimbilia chini ya mawe. Nikakuambia mto huu hauna samaki.

Ulikuwa umekaa juu ya jiwe na sandwichi yako. Hukucheka. Ulisema tu kwamba umewaona wanne. Nashukuru kwa hilo hata leo, kwa sababu ungecheka ningeurudisha ufito dukani na pengine tusingerudi mtoni tena.

Tulirudi. Miaka miwili tulirudi na ule ufito wa namba nane, na katika miaka hiyo miwili tulimpata trauti mmoja, ambaye nadhani alikuwa na matatizo yake mengine. Halafu nikafanya kosa la upande wa pili, maana mimi nikigeuka hugeuka kabisa. Nilirudi kwa yule mzee na kununua ufito mwembamba kuliko yote aliyokuwa nayo, wa namba mbili, na mshipi wa namba mbili, nikiamini sasa nimepata dawa. Nao haukutupa kitu. Nilipunga mkono kama mtu anayefukuza inzi mezani, na mshipi ukabaki umejikunja miguuni.

Wewe ndiye uliyeelewa. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, umekaa kwenye zulia na ule mshipi mapajani, na ukanieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Huku kwa nzi wa manyoya, ulisema, hatutupi ndoana, tunatupa mshipi. Nzi hana uzito wowote. Ni uzito wa mshipi unaoupinda ufito, na ufito ukijinyosha ndio unaompeleka nzi. Sasa kwenye mto mkubwa mtu anatoa mshipi mrefu, uzito unakuwa wa kutosha. Kwetu sisi, kati ya miti, tunatoa kipande kifupi tu, na kipande kifupi cha mshipi mwembamba hakina nguvu ya kupinda chochote. "Kwa hivyo Dad, rod iwe light, lakini line ipande namba moja." Ulilisema kwa Kiswahili, au kwa hicho Kiswahili chetu cha nyumbani, na sikukatiza kukusifu kwa sababu niliogopa ungekumbuka na kurudi kwenye Kiingereza. Ulijifunza Kiswahili mtoni, mwanangu. Sikukufundisha darasani wala kwa ukali. Ulikipata kwa sababu saa nzima hatukuwa na la kufanya isipokuwa kuongea.

Kisha ukaja mwaka wa bega.

Mama yako alikuwa ameshakwenda Karatina kumuuguza bibi yako, na sote tulidhani ni miezi mitatu. Mimi nilikuwa nimeanza kazi kwenye nyumba ya wazee, na siku moja mgonjwa niliyekuwa namhamisha kitanda aliteleza. Nilimdaka. Yeye hakuumia hata kidogo. Bega langu la kulia lilichanika ndani, hospitalini wakalipasua, wakalishona, wakanirudisha nyumbani na mkono umefungwa kifuani.

Sikuwa mtu mzuri miezi ile. Nalisema waziwazi kwa sababu ulikuwepo, na kwa sababu hukuwahi kunitajia. Nilikaa kwenye kochi na televisheni imewaka bila sauti. Ulirudi kutoka shuleni ukapika, ukanifunga viatu, ukanisaidia kuvaa shati la kwenda kanisani, na mimi nikakujibu neno moja moja. Mama yako akipiga simu nilimwambia tuko sawa, kisha nikakupa simu upesi. Daktari alikuwa amesema mkono hautapanda tena juu ya bega bila maumivu. Nikazipeleka zile fito chini, kwenye stoo, ili nisizione.

Jumamosi moja ukarudi kutoka kwa majirani waliokuwa wakiuza vitu vyao vya zamani uani. Ulikuwa na ufito wa rangi ya asali. Wa nyuzi za kioo, ulisema, aina ya zamani, watu wengi hawautaki siku hizi kwa sababu ni mlegevu. Mfupi, namba tatu. Ulikuwa umeshakwenda na kwa yule mzee wa Herndon, rafiki yako alikupeleka, mkachagua pamoja mshipi wa namba nne, wa rangi ya majani makavu ili usiwatishe samaki, mnene katikati na mwembamba pande zote mbili, ili upande mmoja ukichakaa tuugeuze. Alikukumbuka. Alikuuliza kama baba yako bado anavua ghubani.

Nilikuambia mimi sivui tena. Ukasema, "Njoo tu nje, Dad. Dakika kumi."

Ukanisimamisha kwenye nyasi nyuma ya nyumba. Ukafunga kipande cha sufu nyekundu mwisho wa uzi badala ya ndoana. Kisha ukaingia ndani, ukarudi na kitabu changu cha nyimbo za kanisani, ukakiweka kwapani mwangu, upande wa bega bovu.

"Kishikilie hapo. Usikiangushe."

"Njeri, hiki ni kitabu cha nyimbo."

"Ndio maana hutakiangusha."

Papa Espoir alikuwa ametoka kwenye balkoni na kahawa yake. Ni mtu wa Bukavu, hana siri. "Voisin," akaniita, "unafanya nini na buku mu kwapa? Kuko samaki mu majani?" Nikamwambia ni mazoezi. "Mazoezi ya kuvua, ao ya kuimba?"

Nikatupa nikiwa nimekasirika na nyote wawili. Kiwiko kimebanwa na kile kitabu, hakikuweza kupanda, kwa hiyo kazi yote ilibaki kwa kigasha na kifundo cha mkono. Na ule ufito mlegevu ukapinda wenyewe, taratibu, hadi karibu na mpini. Nikauhisi mshipi ukiuvuta nyuma. Ukanyooka. Ile sufu nyekundu ikaenda mbele, ikatua kwenye nyasi bila kelele, na bega langu halikusema kitu.

Nilitupa tena na tena hadi kahawa ya Papa Espoir ikaisha. Wewe ulikuwa umekaa kwenye ngazi, umeshika tama, unajifanya unaangalia simu yako. Uliupima mwili wangu kama ulivyoupima ule mshipi, ukajua kinachowezekana, ukatafuta kitu kilichonitosha siku ile ile. Mimi maisha yangu yote nimewanunulia watu niwapendao vitu vya kesho. Wewe ulininunulia cha leo. Ahsante, mwanangu. Nimelisema neno hilo kwa watu wengi nchi hii, kwa wasimamizi, kwa madereva wa basi, kwa watu wa uhamiaji, na nadhani wewe ndiye uliyelipata mara chache kuliko wote. Kwa hiyo chukua: ahsante kwa ufito, ahsante kwa mshipi, ahsante kwa viatu ulivyonifunga. Ahsante kwa kutocheka juu ya lile jiwe.

Sasa unakwenda penye mito mipana kuliko barabara zetu. Watu wa huko watakuonyesha fito ndefu na mishipi mizito, na safari hii pengine watakuwa na haki. Usikatae kwa ajili yangu. Usidhani wepesi ni dini. Simama kwanza ukingoni, utazame maji yana upana gani, upepo unatoka wapi, samaki wenyewe ni wa kiasi gani, halafu ndipo uchague. Mimi niliyakosea maji madogo kwa sababu nilikuwa nimeyabeba makubwa kichwani. Wewe unaweza kuyakosea makubwa kwa sababu umekipenda kile kijito chetu. Na ukimkuta mwenye duka anayekupa kitu kidogo kuliko ulivyotarajia, muulize kwa nini, kisha umsikilize hadi amalize. Mara nyingine utakuwa umedharauliwa kweli, hilo lipo, hutakosa kulijua. Lakini mimi nilimhukumu yule mzee kwa kosa la watu wengine, nikapoteza misimu miwili.

Ule wa namba nane, kama ulikuwa unajiuliza, nimempa Papa Espoir. Amefunga minyoo, anavulia kambare kwenye mto Potomac, na anakula kila anachopata. Bado haamini kwamba sisi tunawarudisha samaki majini. Jana kwenye ngazi aliniuliza tena ile ni maladi gani, yaani ugonjwa gani.

Alinikuta nikirudi kutoka mtoni, na hapo ndipo jibu lako lilipo.

Jana, Ijumaa, ulipokwenda kuwaaga wenzako kazini, nilichukua ufito wa kioo na kwenda mlimani peke yangu. Sikukuambia kwa sababu ungekuja. Tangu uninunulie ule ufito sijawahi kuvua bila wewe kando. Wewe ndiye unayemfunga nzi, kwa kuwa macho yangu hayaoni tundu la ndoana, na wewe ndiye unayenishika mkono kwenye mawe yenye utelezi. Nilitaka kujua, kabla ya kukujibu. Ukiuliza swali la kweli hustahili jibu la kukisia.

Kumpitisha uzi yule chungu mweusi wa manyoya, mmoja wa wale nzi wetu wa bandia, kulinichukua muda hata naona aibu kuusema. Nilimnyanyua kwenye mwanga wa mbingu, nikakosa, nikakosa, nikaomba, nikamkemea, mwishowe uzi ukapita na fundo nikalikaza kwa meno. Maji ya Agosti ni machache, samaki wana woga. Nilipiga magoti. Niliteleza mara moja, nikakaa majini mzima mzima, nikabaki nimekaa hapo nikijicheka hadi ndege wakanyamaza. Kisha nikapanda hadi kwenye lile dimbwi lililo chini ya mzizi, nikatoa mshipi mfupi, nikabana kiwiko mbavuni.

Akaja. Mdogo, hazidi kiganja changu, mgongo wa kijani na yale madoa mekundu uliyosema mtu ameyachora kwa kalamu. Nikalowesha mkono, nikamshika ndani ya maji, na bila kufikiri nikageuka nyuma nikasema kwa sauti, "Umemwona?"

Hukuwepo. Kulikuwa na jiwe na miti.

Iliuma, Njeri. Sitakudanganya ili uondoke na moyo mweupe. Iliuma hata nikasahau nina samaki mkononi. Kisha akapiga mkia, nikafungua vidole, akaenda zake chini ya mzizi. Nikayapuliza manyoya ya yule chungu hadi akakauka. Jua lilikuwa bado juu, bega lilikuwa kimya, na mbele yangu kulikuwa na dimbwi jingine. Nikatupa tena.

Kwa hiyo usi-defer. Nenda.

Baba yako, ambaye viatu vyake viko balkoni, kama huamini, bado vimelowa.